Siku ya Tatu Kageye

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na mara nyingi huwa tunaicheka tukiwa upande wa mwenyeji: ndugu kaja kutoka kijijini, kamaliza wiki, hajashika hata ufagio. Leo nataka tuitazame tukiwa upande wa mgeni. Siku ya tatu imefika, jembe umepewa. Lakini shamba hulijui ni la nani, mpaka huujui unapita wapi, na aliyelima hapo msimu uliopita hujui aliacha deni gani. Nadhani kuhamia ugenini kunaanza hapo. Ile siku ya kushuka na mizigo ni safari tu bado.

Mfano wangu hauko mbali. Ukitoka Mwanza mjini ukashika barabara ya Musoma, ukapita Igoma na Kisesa, utaingia wilaya ya Magu. Upande wako wa kushoto, nje ya lami, kuna Ghuba ya Speke, na kwenye ufuko wa kusini wa ghuba hiyo kuna kijiji kinaitwa Kageye. Ng'ambo ya maji ni Ukerewe. Leo wengi wetu tuliozaliwa Mwanza tunaweza kumaliza umri wetu bila kukanyaga hapo. Lakini kati ya mwaka 1875 na 1879, kabla hatujawa na jiji, kabla ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, mtu aliyetoka pwani akitaka kuvuka ziwa kwenda Buganda alikuwa na nafasi kubwa ya kuishia Kageye kwanza. Vitabu vya kizungu vya wakati ule vinaiandika Kagehyi, Kagei, Kageyi, kila mtu na sikio lake.

Katika miaka hiyo mitano walipita hapo wageni wa makundi tofauti. Historia tuliyosoma shuleni huwataja kwa safari zao: fulani alifika, fulani alilizunguka ziwa, fulani alifika kwa Kabaka Mutesa. Hapo katikati, zile wiki na miezi waliyokaa ufukweni wakitafuta chakula, mtumbwi na mtu wa kuwaelewa, huwa zinarukwa. Ndizo ninazozitaka mimi.

Tuanze na tarehe 27 Februari 1875. Siku hiyo Henry Morton Stanley aliingia Kageye baada ya mwendo wa siku 103 kutoka Bagamoyo, kwa hesabu yake mwenyewe. Msafara uliotoka pwani mwezi Novemba ulikuwa na watu zaidi ya 300. Waliofika ziwani hawakutimia 200. Wengine walikufa kwa njaa na maradhi, wengine waliuawa vitani, wengine walitoroka, na nani atawalaumu. Kati ya wazungu wanne, mmoja, Edward Pocock, alikwisha zikwa njiani. Walibaki Stanley, Frank Pocock ambaye alikuwa ndugu yake marehemu, na kijana mmoja aliyeitwa Frederick Barker.

Huyu Barker ananigusa kila ninapomsoma. Alikuwa karani wa Hoteli ya Langham, London. Hakuwa mwanajeshi, hakuwa baharia, wala Afrika alikuwa hajawahi kuikanyaga. Aliomba kazi kwa kung'ang'ania mpaka akapewa. Kageye ndiyo ilikuwa mahali pa kwanza pa kupumzika kweli tangu aanze safari, na ndiyo ikawa mahali pake pa mwisho. Stanley alipoondoka tarehe 8 Machi kwenda kulizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, ambayo wapagazi waliibeba kwa vipande kutoka pwani, aliwaacha Frank na Barker walinde kambi. Aliporudi mwanzoni mwa Mei, alimkuta Frank peke yake. Barker alikufa kwa homa tarehe 23 Aprili.

Sasa, hapa ndipo vitabu vingi huweka nukta. Ila katika kipindi hichohicho, Kageye ilizika pia watu wa msafara waliotoka Zanzibar na mrima. Mmoja wao alikuwa Mabruki, aliyejulikana kwa jina la Mabruki Speke. Jina hilo la pili lilimganda kwa sababu alikwisha safiri na Burton na Speke karibu miaka ishirini kabla. Hebu fikiria: mtu aliyezaliwa Uyao, akakamatwa akapelekwa Zanzibar utumwani, akatembea bara hili kwa miguu na wazungu ambao leo ghuba na sanamu zina majina yao, halafu akafia kwenye ufuko wa ghuba inayoitwa Speke. Yeye ndiye aliyekuwa mzoefu pale. Barker alikuwa mwanafunzi.

Watu hawa wa msafara walijiita waungwana. Wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, lakini wakiwa bara, mbali na mabwana wao, jina hilo walilichukua wakalivaa kama kanzu mpya. Tunapozungumza juu ya siku za kwanza za ugenini Kageye, kwa idadi tunazungumza juu yao. Wazungu walikuwa watatu. Waliojenga vibanda, waliochota maji, waliokwenda kuuliza bei ya samaki na viazi, waliojua kwamba kwa mzee huyu usianze na biashara kabla ya salamu, walikuwa wao. Stanley anasimulia kwamba alipouliza nani atajitolea kuingia naye kwenye mashua, watu walikaa kimya. Wengine wakasema wao si watu wa maji. Ikabidi awachague, mabaharia kumi na mmoja, na usukani akampa Wadi Safeni. Kimya kile nakielewa. Watu wametembea siku mia moja, wamepata mahali pana chakula cha bei nafuu na mwenyeji asiyewarushia mishale, halafu wiki ya pili unawaambia tunaondoka tena, safari hii juu ya maji ambayo mwisho wake hauonekani.

Na kweli haukuonekana. Miaka kumi na saba kabla, Agosti 1858, Speke alikaa siku chache Mwanza akauliza ziwa hili linaishia wapi. Anasimulia kwamba alipelekewa mtu aliyesifika kuwa msafiri kuliko wote pale. Mtu yule aligeukia kaskazini, akaanza kutikisa kichwa, akawa anarusha mkono mbele huku akialisha vidole, tena na tena. Hakuna ajuaye, alisema, labda linakwenda mpaka mwisho wa dunia. Speke aliichukua ishara ile akaenda kutangaza Uingereza kwamba amepata chanzo cha Mto Naili. Waungwana wa mwaka 1875 nadhani waliielewa vilevile ilivyokusudiwa: usiende.

Kambi ilipokaa wiki kadhaa, Kageye ikageuka soko. Waliletwa ng'ombe na kondoo, wakaja wavuvi na samaki wao, wakaja watu wa Ukerewe na wa upande wa magharibi ya ziwa wakiuza majembe ya chuma. Majembe haya tusiyapite haraka. Mafundi wa chuma wa Uzinza walifua majembe yaliyosafiri mbali, na huku kwetu jembe lilikuwa kifaa cha shamba na pia ni fedha; mtu aliweza kulitoa mahari, akalipia faini, akanunulia chakula. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyekuja na merikani, kaniki na shanga alikuwa na kazi ya kwanza kabisa ya ugenini, ile ambayo kila mhamiaji anaijua: kubadilisha fedha. Nguo yangu moja ni majembe mangapi? Shanga hizi nyekundu mnazitaka, au nimebeba rangi isiyo na soko? Aliyekosea hesabu hiyo alilala njaa akiwa amekalia mzigo.

Mwenyeji wa Kageye alikuwa Kaduma, ambaye Stanley anamwita mwana wa mfalme na kutuambia kwamba alipenda pombe. Sawa, alipenda. Lakini huyu ni mtu aliyepokea msafara mkubwa wenye bunduki, akaulisha, akawapa mahali pa kuzikia maiti wao, na kundi lilipoondoka akawa tayari kupokea lingine. Kuandika habari za mtu kama huyo ukakumbuka pombe tu ni utovu wa adabu kwa mwenyeji. Tunaufanya hata sisi.

Kabla ya wote hao kulikuwa na mgeni mwingine pale, na huyu ndiye hasa aliyenifanya niandike. Jina lake Songoro. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa pwani, Stanley anamwita Mwarabu, na alikwisha jikita Kageye na Ukerewe kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kufika. Alikuwa na nyumba, alikuwa na watu, alikuwa akiunda jahazi la kuvushia bidhaa. Tusimpake mafuta: alinunua pembe za ndovu na alinunua watu, na Kageye yenyewe hadi leo inakumbukwa kwa biashara hiyo ya watumwa. Lakini ndiye aliyeijua bei ya kila kitu, nani ana mitumbwi, mtemi gani amekasirika na nani. Mgeni mpya akifika alielekezwa kwake.

Kila anayehamia ugenini ana Songoro wake. Mimi nilikwenda kusoma katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na wangu alikuwa kijana wa kutoka nyumbani aliyenitangulia miaka minne. Alinipokea stesheni, akanionyesha duka la unga wa ugali, akanifundisha kwamba mvua ya kule haisubiriwi ipite. Nikalala chumbani kwake. Siku ya tatu, naapa ilikuwa ya tatu, mwenye nyumba akagonga mlango. Kumbe mwenyeji wangu alikuwa hajalipa kodi ya miezi miwili, na siku hiyo hakuwepo. Mwenye nyumba alimwona mtu mweusi ndani ya chumba anachodai, akaona amepata wa kumdai. Nilijieleza mpaka nikachoka. Mwishowe nilitoa sehemu ya fedha niliyokuja nayo. Sikumchukia yule ndugu, maana bila yeye ningelala stesheni. Ila nilijifunza kwamba anayekupokea anakukabidhi na madeni yake.

Sasa turudi Kageye tuone somo hilohilo likigharimu roho za watu.

Stanley akiwa Buganda Aprili 1875 aliandika barua kuomba wamisionari waje kwa Mutesa. Gazeti la Daily Telegraph liliichapisha Novemba mwaka huohuo, fedha zikachangwa, na Jumuiya ya Wamisionari wa Kanisa la Uingereza, CMS, ikatuma watu. Mapema mwaka 1877 walikuwa Kageye: Luteni George Shergold Smith wa jeshi la majini, mchungaji C. T. Wilson, Thomas O'Neill aliyekuwa fundi na mjenzi, na daktari John Smith. Walikuwa na mashua yao, Daisy, nayo ilibebwa kwa vipande. Miezi ya kwanza ikapita katika kuiunga upya, kutafuta chakula na kuugua. Mwezi Mei daktari alikufa. Fikiria kundi la wageni ambalo wa kwanza kufa ni tabibu wao.

Mwishoni mwa Juni, Luteni Smith na Wilson walivuka kwenda Buganda. Njiani, walipojaribu kutua Ukara, walirushiwa mawe na mishale. O'Neill alibaki upande wa Ukerewe na mizigo, na mizigo hiyo Daisy isingeiweza. Kilihitajika chombo kikubwa. Chombo kikubwa alikuwa nacho nani? Songoro. O'Neill akanunua jahazi ambalo Songoro alikuwa akiliunda Ukerewe, akalimalizia.

Kwa akili ya London, habari imekwisha hapo: nimeuziwa, nimelipa, changu. Lakini mbao zile zilitoka katika misitu ya Ukerewe, nchi ya mtemi Lukonge, na chanzo cha ugomvi kinachotajwa sana ni kwamba Songoro alikuwa hajamlipa Lukonge. Jahazi lilikuwa limebeba deni kabla halijabeba mzigo. Desemba 1877 ugomvi ukalipuka. Songoro akakimbilia kwa wazungu, Smith na O'Neill wakakataa kumtoa, na watu wa Lukonge wakawaua wote: Songoro, wazungu wawili, na watu waliokuwa nao ambao majina yao hayakuandikwa popote pa kusomeka kirahisi.

Katika vitabu vya misheni, hawa wawili ni mashahidi waliokataa kumtoa mtu aliyewakimbilia. Hilo ni kweli na linastahili heshima. Hata kwetu, aliyekimbilia nyumbani kwako humtoi. Lakini kuna mwandishi mmoja anayeweza kutusaidia kusoma upande wa pili, naye ni wa palepale. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ambayo baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ukisoma sehemu ya kwanza, Myombekere anakwenda kwa wakwe kumrudisha mkewe. Ni mke wake halali, kila mtu anajua, na yeye mwenyewe Bugonoka anampenda. Hata hivyo hawezi kumchukua tu. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi, mitungi sita, na sehemu nzima ya riwaya inapita mtu akihangaika kutafuta ndizi, kuzivundika, kuomba msaada wa majirani, kubeba mitungi njiani. Wasomaji wa haraka huona Kitereza anachelewesha hadithi. Mimi naona anatueleza Ukerewe ilivyofanya kazi. Kitu hakiwi chako kwa kuwa umekishika. Kinakuwa chako ukishamaliza waliokukasirikia, mbele ya mashahidi, kwa kiwango kilichokubaliwa.

O'Neill hakuwa na nafasi ya kusoma riwaya hiyo. Ilikuwa bado miaka sitini na zaidi mbele. Lakini hakuna dalili kwamba kuna mtu aliyemwambia: kabla hujalipa jahazi, mwulize Lukonge anadai nini. Na aliyepaswa kumwambia ndiye aliyekuwa muuzaji.

Mtu aliyekuja kulielewa hili, angalau nusu, alikuwa Alexander Mackay. Mskoti, mhandisi, aliyerudishwa pwani mwaka 1876 kwa ugonjwa, akautumia mwaka uliofuata kufungua barabara kati ya Saadani na Mpwapwa. Alifika Kageye Juni 1878, miezi sita baada ya mauaji. Alikuta kibanda kimejaa mali ya wenzake waliokufa, vitu vimerundikana ovyo: vyuma vya injini ya mvuke, vitabu, herufi za kupigia chapa, misumeno, mbegu za bustani, makopo ya nyama, nguo. Unyevu na mchwa vilikuwa kazini. Siku zake za kwanza alizitumia kuchambua, kuchomoa kutu, kuunga kipande na kipande. Kwa sisi tunaopenda vitabu, tujue kwamba herufi ziliwahi kulala chini Kageye, kwenye udongo, zikisubiri mtu wa kuzipanga. Baadaye, Buganda, Mackay ndiye aliyekuja kuchapa kurasa za kwanza za kujifunzia kusoma Kiganda.

Halafu alifanya jambo ambalo watu wa Kageye walimsihi asilifanye. Alivuka kwenda Ukerewe, bila silaha, kuonana na Lukonge. Kwa simulizi yake, Lukonge alimweleza kwamba hakuwakusudia wazungu; aliyekuwa akimtaka ni Songoro. Unaweza kusema mtemi alikuwa anajitetea. Inawezekana. Lakini tazama Mackay alichokifanya: alikwenda kwa mwenye madai kabla hajaendelea na kazi yake. Alichelewa miezi sita na watu walikwisha kufa, lakini alikwenda, akakaa, akala, akarudi mzima. Agosti mwaka huo yeye na Wilson waliondoka na Daisy kuukuu. Ikapigwa na dhoruba ufuo wa magharibi, wakakata kipande cha katikati ya mashua kuziba mbele na nyuma, wakashona upya, wakafika Buganda Novemba.

Wiki chache baadaye, tarehe 30 Desemba 1878, Kaduma alipokea wageni wengine tena. Safari hii walivaa kanzu nyeupe na rozari shingoni, hivyo kwa mbali ungedhani ni Waarabu. Walikuwa Wamisionari wa Afrika, ambao huku tumewaita White Fathers mpaka jina likawa la Kiswahili. Shirika lao lilianzia Algiers mwaka 1868, na mwanzilishi wao, Lavigerie, aliwawekea sharti: useme lugha ya watu, ule chakula chao, uvae kama wao. Kanzu yenyewe ilikuwa ya Algeria, kwa hiyo huku ilikuwa mavazi ya wafanyabiashara wa pwani wala si ya Wasukuma. Walijaribu kufanana na wenyeji, wakafanana na Songoro.

Walitoka pwani na mwenzao mmoja akafa Ugogo. Waliofika ni watano: Léon Livinhac, Siméon Lourdel, Ludovic Girault, Léon Barbot na bruda Amans. Januari 1879 Lourdel na Amans waliingia kwenye mtumbwi, wakafika Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari. Waganda wanaikumbuka siku hiyo hadi leo, na Kigungu ni mahali pa hija. Wale watatu waliobaki Kageye wamebaki pia nje ya hija. Walikaa miezi wakingoja mitumbwi ya kuwachukua, wakaondoka Juni. Ni sehemu ya uhamiaji ambayo haina picha: umekwisha toka kwenu, hujafika unakokwenda, na kila asubuhi unatazama maji.

Walirudi huku, lakini. Novemba 1882 waliondoka Buganda wakiwa na yatima waliokuwa wakiwalea, wakavuka ziwa kuja kusini, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, ambayo leo iko wilaya ya Misungwi. Parokia nyingi za Mwanza zinahesabu umri wao kutoka hapo. Kwa hiyo waliokuja kupita walirudi kukaa, na waliorudi walikuwa wanajua tayari mwenyeji ni nani na jembe ni kiasi gani.

Nimeisimulia Kageye hivi kwa sababu nachoshwa na namna mbili za kuisimulia. Ya kwanza ni ya mashujaa waliofika nchi tupu. Hiyo tumekwisha ikataa, ingawa vibao vya utalii bado vinaipenda. Ya pili ni ya wavamizi waliokuja na mpango kamili mfukoni tangu siku ya kwanza. Ukoloni ulikuja kweli, na Wajerumani hawakuchelewa. Mwaka 1895 Lukonge hakuwa tena mtawala wa Ukerewe. Lakini ukizisoma siku zenyewe, unawaona watu wagonjwa, wanaodaiwa, wanaomtegemea Kaduma kwa chakula na Songoro kwa habari. Waliokufa hawakufa kwa kukosa bunduki. Luteni Smith alikuwa na bunduki. Alikosa kujua nani anamdai nani.

Na kuna jambo la tatu. Barker ana tarehe ya kifo. Daktari Smith ana tarehe. Mabruki ana jina, nusu lake la kuazima. Waliokuwa na Songoro siku ile Ukerewe hawana chochote. Kama tutaiweka Kageye kwenye ramani ya historia yetu, na naona kuna haja, basi kibao kiandikwe na jina la Kaduma, na la Mabruki, na kitaje wale watu waliouzwa ufukweni hapo ambao hawakuhamia ugenini kwa hiari, na ambao siku yao ya tatu hatuwezi kuidhania.

Upande wa Ukerewe nao una simulizi zake juu ya mbao zile. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayeijua habari ya jahazi la Songoro kama ilivyosimuliwa kisiwani, mwulize, mrekodi, kabla hatujabaki na barua za Mackay peke yake. Nendeni na sukari. Msianze na maswali kabla ya salamu.